Paka wa ndani na mabanda ya wavu

Ufugaji wa paka wa ndani ni ule ambao paka haachiwi kuzurura: huishi ndani ya nyumba wakati wote, au hutoka nje akiwa katika banda la wavu, yaani eneo lililozungushiwa na kuezekwa kwa wavu wa waya, ambalo kwa kawaida huunganishwa na nyumba kwa dirisha au kilango kidogo. Ufugaji huu umeenea zaidi Marekani na Australia, ilhali kwingineko, Afrika Mashariki ikiwemo, paka wengi huingia na kutoka wapendavyo na hutarajiwa kujitafutia panya.

Kwa muda mrefu kikwazo kikubwa kilikuwa kinyesi, kwa kuwa majivu na mchanga wa kawaida havikuzuia harufu. Mwaka 1947 Edward Lowe wa jimbo la Michigan, Marekani, alianza kuuza chembechembe za udongo mkavu zinazofyonza mkojo, na bidhaa hiyo duni, pengine kuliko sheria yoyote iliyofuata, ndiyo iliyomwezesha paka kukaa ndani mwaka mzima. Kuhasi nako kulisaidia, maana paka asiyehasiwa huhangaika kutoka kila msimu wa kupandana unapowadia.

Sababu ya kwanza ya kumzuia paka kuzurura ni usalama wake: huepushwa na magari, mbwa, kichaa cha mbwa na mapigano, ambayo ndiyo njia kuu ya kueneza virusi vya upungufu wa kinga vya paka, vinavyoambukizwa hasa kwa kung'atwa na visivyomdhuru binadamu. Sababu ya pili ni wanyamapori. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka nchini Marekani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na paka wasio na wenyewe, hivyo si haki kumtwika paka wa nyumbani lawama yote. Nchini Australia, ambako paka waliletwa na walowezi wa Kizungu, wanyama hao wamechangia kutoweka kwa zaidi ya spishi 20 za mamalia. Mjini Canberra vitongoji vya Forde na Bonner, vinavyopakana na hifadhi ya Mulligans Flat, vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupiga marufuku paka wanaozurura, na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kila paka aliyezaliwa siku hiyo au baadaye katika eneo lote la mji mkuu hana budi kuzuiliwa ndani ya mipaka ya mwenye kumfuga, ingawa anaweza kutembezwa akiwa amefungwa kamba. Mwaka huohuo mji wa Walldorf, Ujerumani, uliagiza paka wa eneo moja wafungiwe hadi mwisho wa Agosti ili kumwokoa kipozamataza mwenye kishungi, ndege anayetaga chini na ambaye makinda yake hutoka kiotani kabla ya kuweza kuruka.

Banda linalofaa huwa na paa, kwa kuwa paka hupanda ukuta wowote wa wavu. Waya wa kuku hulegea na kutoboka upesi, hivyo wavu uliochomelewa ni bora, na milango miwili inayofuatana, wa pili ukifunguliwa baada ya wa kwanza kufungwa, huzuia kutoroka. Kivuli na maji ni lazima, na mbao za kukalia ziwekwe juu, kwani paka hujiona salama zaidi anapotazama kutoka juu kuliko anapopewa sakafu pana.

Ndani nako kuna hatari zake: madirisha ya ghorofani yasiyo na nyavu, na mayungiyungi, ambayo hata chavua yake, paka akiilamba manyoyani, huweza kuharibu figo. La kusahauliwa zaidi ni uvivu wa kulazimishwa. Paka ni mwindaji, na akinyimwa windo hunenepa, hukwaruza samani au hukojoa ovyo. Kwa hiyo hupewa gogo la kukwaruza, michezo mifupi ya kukimbiza kitu, chakula kilichofichwa ili akitafute, na masanduku ya mchanga yanayozidi idadi ya paka kwa moja. Paka mzima aliyezoea mitaa huzuiwa kidogokidogo, akianza na usiku, na mlo wa jioni ukitolewa saa ileile kila siku ili njaa yenyewe imrudishe nyumbani kabla ya giza.