Kyuteksi haikuwa rangi
Wikendi iliyopita mjini Homa Bay nilimkuta mpwa wangu akijitengenezea kucha sebuleni. Saluni, aliniambia, ni ya wenye mshahara. Mbele yake palikuwa na beseni la maji vuguvugu yenye sabuni, tupa ndogo, pamba na wembe. "Mjomba, hebu nipe hiyo kyuteksi hapo." Nikampa kichupa. Hakikuandikwa jina hilo popote.

Kuanzia Migori hadi Nairobi, kyuteksi ni rangi yoyote ya kucha, jinsi Colgate ilivyo dawa yoyote ya meno. Lakini Cutex ni jina la biashara, na Mmarekani Northam Warren alipolianzisha mwaka wa 1911 hakuwa akiuza rangi. Aliuza dawa ya kulainisha ile ngozi nyembamba inayolalia shina la ukucha, ili iondolewe bila kukatwa. Jina lenyewe limemegwa kutoka neno la Kiingereza la ngozi hiyo. Rangi ya chupa ilikuja miaka michache baadaye, ikalimeza jina zima.

Pwani ilikuwa na yake zamani. Hina, neno tulilolipata kwa Waarabu, huingia ndani ya ukucha na kutoka tu ukucha unapokua. Haibanduki, haihitaji asetoni. (Ukucha, nasema, mpwa wangu alidai "kucha moja imevunjika". Ni ukucha mmoja, kucha mbili. Makucha tumwachie chui.)

Alipomaliza kuloweka vidole akashika wembe, aikate ngozi ile kama alivyoona saluni. Nikamzuia. Ngozi hiyo ndiyo huziba mwanya kati ya ukucha na nyama. Ukiikata, vijidudu hupata njia, kidole kikafura na kutunga usaha. Nikamsimulia habari za Warren: kwamba kile anachokiita rangi kilibuniwa ili watu waache kukata mahali hapo. Akaweka wembe chini, akaisukuma ngozi taratibu kwa ncha ya taulo.

"Na kwa Kiswahili inaitwaje?"

"Ngozi ya shina la ukucha," nikajibu, bila uhakika mwingi.

Akacheka. "Mjomba, hilo si jina, hayo ni maelezo."