Wafu Waliorudi Mlimani

Kabla ya wamisionari wa Kianglikana wa CMS kufungua kituo chao Kigari mwaka 1910, juu kidogo ya mji wa Embu, watu wengi wa mteremko ule wa Mlima Kenya hawakuzikwa. Mgonjwa aliyeonekana amefika mwisho alitolewa nyumbani akiwa bado anapumua. Alipelekwa kichakani, akawashiwa moto ubavuni, na mara nyingi jamaa mmoja alikaa jirani kumsubiri akate roho. Mtu akifia ndani, nyumba ile haikukalika tena. Ilihamwa, ikabomolewa au ikatiwa moto. Yaliyofuata kichakani yalikuwa kazi ya fisi. Kaburi liliwekewa wachache, hasa wazee wenye mali na uzao mkubwa.

Wageni wengi walioandika habari hizo waliona ukatili mtupu. Walikosa kuona hofu iliyokuwa nyuma yake. Kwa Wameru, Waembu na Wakikuyu, maiti ilikuwa na unajisi ulioambukiza. Wameru waliuita mugiro. Aliyegusa mfu aliubeba, akawapitishia mkewe, watoto wake na hata mifugo yake, na hakuuvua mpaka atakaswe na mtu mwenye ujuzi huo, kwa gharama ya mnyama wa kuchinjwa. Yakumbukwe pia yaliyowapata watu wa mlima mwishoni mwa miaka ya 1890: sotoka iliyomaliza ng'ombe, njaa, kisha ndui. Hapakuwa na karantini wala chanjo. Desturi iliyomtenga mgonjwa na wazima na kukataza mikono kugusa maiti ilikuwa na akili yake, hata kama akili hiyo ilielezwa kwa lugha ya mizimu.

Tatizo lilizuka pale mfu alipokataa kufa.

Ilitokea. Homa ilishuka usiku, moto ukafukuza fisi, na alfajiri mtu aliyekwisha kuhesabiwa marehemu akainuka kwa miguu yake kurudi kwao. Jamaa waliomwona akija hawakuwa na furaha peke yake. Mtu yule alikuwa ametoka upande wa pili, na hakuweza kuingia tu, akaketi na kupokea kibuyu cha uji. Ilibidi atakaswe kwanza, arudishwe kwa taratibu katika hesabu ya walio hai. Jina Muriuki, ambalo limejaa katika madaftari ya shule kuanzia Nyeri hadi Meru, pamoja na ndugu yake Kariuki, lina maana ya aliyefufuka, na kwa kuwa watoto wa huku hurithi majina ya babu zao, habari ya waliorudi imeendelea kuitwa kila asubuhi darasani bila watu kuitafakari sana.

Kwa hiyo kijana wa Kanja, soko lililo Kagaari Kaskazini upande wa Runyenjes, anapofungua simu yake leo na kutazama mazombi wa Korea wakikimbia ndani ya garimoshi, hatazami kitu kigeni kabisa. Anatazama hofu ambayo babu wa babu yake aliiwekea sheria. Tofauti ni kwamba sinema imeichukua hofu hiyo kutoka kwingine, kwa njia ndefu, na njia hiyo inafaa kufuatwa.

Zombi wa kwanza wa sinema alikuwa mtumwa. Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na katika miaka hiyo msafiri William Seabrook alichapisha kitabu, The Magic Island, mwaka 1929, akisimulia wafu waliofanyishwa kazi mashambani. Miaka mitatu baadaye Hollywood ilitoa White Zombie, Bela Lugosi akicheza bwana mwenye kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na maiti zisizolala wala kudai ujira. Watu wa Haiti, waliotoka katika utumwa wa miwa kwa mapinduzi ya damu, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini jambo la kutisha kuliko kifo ni kufa kisha ukaendelea kumlimia mwenzako.

Mtanzania hahitaji kuelezwa pia. Msukule ni zombi yuleyule. Husemwa kuwa mchawi humchukua mtu kimazingara, ndugu wakazika mgomba wakidhani ni mwenzao, naye huku akafichwa, akakatwa ulimi, akalishwa pumba na kulimishwa usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video zilipoanza kushika kasi Dar es Salaam, mwongozaji Mussa Banzi aligundua kwamba hofu hizi za nyumbani zina soko. Alitengeneza Nsyuka, iliyochota katika imani za Wanyakyusa, kisha Shumileta, ya jini la kike. Vifaa vilikuwa hafifu na damu ilionekana kuwa rangi, lakini watu walinunua kanda hizo kwa sababu zilimweka mfu katika vijiji na mitaa waliyoijua.

Mlima Kenya ulipata mfu wa aina nyingine. Mwaka 1968, karibu na Pittsburgh, kijana George Romero na rafiki zake walitengeneza Night of the Living Dead kwa dola zipatazo 114,000. Wafu wake hawakuwa na bwana. Walitembea wenyewe, kundi zima, wakila watu, na humo ndani ya filamu hawakuitwa mazombi hata mara moja. Shujaa alikuwa Mwafrika-Mmarekani, Duane Jones, jambo lililokuwa zito mwaka ule aliouawa Martin Luther King. Kisha likatokea kosa lililobadili historia: wasambazaji walipobadili jina la filamu walisahau kuandika alama ya hakimiliki, na kwa sheria ya wakati ule kazi ikawa mali ya umma. Yeyote mwenye mashine aliweza kuirudufu na kuiuza bila kumlipa Romero. Mfu huyu asiye na bwana akawa pia hana mwenyewe, na ndivyo alivyosambaa.

Kenya, wengi walimjua kwanza kupitia Michael Jackson. Video ya Thriller, iliyoongozwa na John Landis, ilitoka Desemba 1983, na kanda zake za kunakili zilifuata barabara zote za matatu. Ndiyo miaka vibanda vya video vilipoanza kuota kwenye masoko ya mashambani.

Kibanda cha video kinastahili kukumbukwa vizuri, maana ndicho chuo cha sinema cha vijijini. Kuta za mabati au mabanzi, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na mbele kabisa televisheni moja imewekwa juu ya rafu ambayo wa nyuma wangeweza kuiona. Nje, ubao ulioandikwa kwa chaki: filamu tatu za leo. Umeme ulipokosekana jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta, na mwenye kibanda alipaza sauti ili kuishinda. Rambo, Commando, Bruce Lee na Jackie Chan ndio walioleta pesa. Filamu za kutisha zilisubiri usiku, watoto wakiwa wamekwisha kufukuzwa, ingawa daima kulikuwa na watatu au wanne waliochungulia kwenye matundu ya misumari.

Kabla ya vibanda, sinema mlimani ilikuwa ya serikali na ya wafanyabiashara. Magari yenye projekta yalizunguka wakati wa ukoloni, yakitundika kitambaa cheupe uwanjani na kufundisha usafi, kilimo na utii. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, Embu na Meru zikiwa ndani ya eneo la vita, sinema ilikuwa silaha ya propaganda. Hakuna aliyemwuliza mtazamaji anataka kuona nini. Kibanda cha video ndicho kilichouliza kwanza, na mtazamaji akajibu kwa shilingi zake.

Kisha likaja suala la lugha. Filamu ya Kiingereza cha Marekani, inayosemwa haraka na watu wanaokimbia, haikufika benchi la nyuma. Hapo ndipo wasimuliaji walipochukua usukani: Kenya DJ Afro, Tanzania Lufufu, Uganda kina VJ Jingo. Hawakutafsiri neno kwa neno. Walisimulia juu ya picha, wakampa kila mhusika jina la mtaani, wakatabiri atakayekufa, wakamkemea mjinga anayefungua mlango asioujua. Mtu aliyekulia kwenye hadithi za jioni za bibi alikuwa nyumbani kabisa. Wanaodharau kazi hii kama uharamia peke yake wanasahau kwamba bila hao mamilioni ya Waafrika Mashariki wangebaki wakitazama midomo inayochezacheza.

Wakati huohuo, huko ng'ambo, mfu alikuwa amechoka. Katika miaka ya 1990 filamu za mazombi zilikuwa zimegeuka bidhaa za rafu ya chini. Kilichomwamsha kilikuwa mchezo wa kompyuta wa Kijapani, Resident Evil wa kampuni ya Capcom, uliotoka 1996 na kufanywa filamu mwaka 2002. Mwaka huohuo Danny Boyle, kwa hadithi ya Alex Garland, alitoa 28 Days Later. Boyle alifanya mambo mawili. Alirekodi kwa kamera ndogo ya dijitali, Canon XL1, ambayo ilimwezesha kunasa London ikiwa tupu kwa dakika chache za alfajiri. Na aliwaondolea wagonjwa wake kifo chenyewe: hawakufa wakafufuka, waliambukizwa virusi, na walikimbia.

Mwaka 2004 zikafuata Dawn of the Dead mpya ya Zack Snyder na Shaun of the Dead ya Edgar Wright. Oktoba 2010 televisheni ikaanza The Walking Dead, iliyodumu hadi 2022. World War Z ya mwaka 2013 iliingiza zaidi ya dola milioni 500. Mwaka 2016 Yeon Sang-ho wa Korea Kusini alitoa Train to Busan, ambayo kwa maoni ya wengi ndiyo bora kuliko zote za kizazi hiki, kwa sababu inamlilia kila anayeachwa nyuma. Afrika nayo ilikuwa na sehemu yake: ndugu Ford wa Uingereza walirekodi The Dead nchini Burkina Faso na Ghana, na mwaka 2014 Mnigeria C.J. Obasi alitoa Ojuju, ya mtaa wa mabanda ambao maji yake yamechafuliwa na kuwageuza watu. Bajeti ilikuwa karibu na sifuri.

Tazama ufufuo huo ulikotua. Sinema ya virusi, ya mgonjwa unayempenda ambaye ni lazima umtenge kabla hajakugusa, ilifika kwenye mteremko ambao karne moja nyuma uliishi hivyo hasa. Na hofu yenyewe haijazeeka. Januari 2014 mtu aliyetangazwa kufa katika hospitali ya Naivasha alionekana akitikisika ndani ya mochari, wahudumu wakatimua mbio. Novemba 2020, katika hospitali ya Kapkatet, mwingine alizinduka wakati wahudumu wakianza kumpasua mguu ili wamtie dawa ya kuhifadhi maiti. Habari zote mbili zilivuma nchi nzima. Miezi michache kabla ya hiyo ya pili, Kenya iliona mazishi ya korona: watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, jeneza likishushwa haraka, jamaa wakizuiwa kukaribia. Kwa watu ambao sasa huunda kamati ya mazishi, huchanga harambee, hulipia mochari na kutangaza kifo redioni kwa orodha ndefu ya shemeji na wajukuu, kule kuzuiwa kuliuma kuliko maradhi.

Hapa filamu za kigeni zina pengo kubwa. Zinajua kumwogopa mfu. Hazijui la kufanya naye akirudi akiwa mzima. Kwa Romero, Boyle na Yeon, anayerudi hupigwa risasi au huachwa nyuma ya mlango. Wazee wa Embu na Meru walikuwa na swali gumu zaidi: huyu ni wetu, tulimtoa wenyewe, amerudi, tutampokea vipi? Nani atamkabili macho kwa macho, mke aliyekwisha kulia au ndugu aliyewasha moto akaondoka? Hiyo ni tamthilia nzima, yenye hatia, aibu na mapenzi, na inahitaji damu kidogo sana.

Riverwood, ile sinema ya River Road jijini Nairobi iliyojifunza kutengeneza filamu za Kikikuyu na Kikamba kwa siku chache na fedha kidogo, ilijitajirisha kwa vichekesho. Ujuzi wa kufanya mengi kwa machache inao. Malighafi ipo pia: mwanahistoria H.S.K. Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere wakati ambapo baadhi yao walikumbuka maisha ya kabla ya Waingereza kuja 1906, akachapisha The Living History of Embu and Mbeere mwaka 1973 na Embu Historical Texts mwaka uliofuata. Jeffrey Fadiman alifanya kazi kama hiyo Meru. Mwandishi wa skripti aanzie huko, kabla ya kununua barakoa yoyote ya plastiki.

Kamera si kisingizio tena. Danny Boyle aliporudi na 28 Years Later mwaka 2025, sehemu kubwa aliirekodi kwa simu za iPhone, mpigapicha akiwa Anthony Dod Mantle, yuleyule aliyepiga 28 Days Later. Na kwa anayetaka kujaribu Kanja, wakati mzuri ni Julai, msimu wa baridi, ukungu unaposhuka kutoka msituni ukafunika chai na migomba hadi saa nne asubuhi na kumpunguzia mtu gharama ya taa.