Ada ya usafi na kazi za mgeni katika nyumba za likizo

Ada ya usafi ni fedha anayotozwa mgeni wa nyumba ya likizo mara moja kwa kila safari, mbali na bei ya usiku, ili kugharimia kuiandaa nyumba kwa mgeni anayefuata: kufua mashuka na taulo, kuosha vyombo na choo, kupiga deki, kutoa takataka, kuweka sabuni na karatasi mpya. Kazi za mgeni ni yale anayotakiwa kuyafanya mwenyewe kabla hajarudisha ufunguo. Mambo haya mawili yaliishi miaka mingi, kila moja kwao, bila kelele. Ugomvi ulianza yalipokutana chini ya paa moja, mgeni akalipa dola 100 za usafi kisha akakuta karatasi jikoni ikimwagiza atandue vitanda, awashe mashine ya kufulia na asogeze pipa la taka hadi barabarani.

Hoteli haihitaji mstari wa ada ya usafi kwenye risiti. Ina vyumba vingi mahali pamoja, wahudumu wa zamu, na sehemu yake ya kufulia au mkataba na dobi, hivyo gharama inamezwa na bei ya chumba. Nyumba ya likizo iko peke yake. Msafishaji anafunga safari kuifikia, mara nyingi akiwa na mashuka safi kwenye buti ya gari, anafanya kazi saa kadhaa, kisha anakimbilia nyumba nyingine.

Hesabu yake

Gharama ya kusafisha haifuati idadi ya siku. Nyumba ya vyumba vitatu iliyolalwa usiku mmoja ina vitanda vilevile vya kutandua na mabafu yaleyale ya kusugua kama iliyokaliwa wiki nzima. Tuseme usiku ni dola 100 na usafi ni dola 100. Mgeni wa usiku mmoja analipa 200. Wa usiku mbili analipa 150 kwa kila usiku, na wa wiki analipa takriban 114. Kwa mtazamo huu ada ni ya haki: kama ingefichwa ndani ya bei ya usiku, mgeni wa wiki angekuwa anamlipia usafi mgeni wa usiku mmoja.

Sababu ya pili ya kuitenga ada na bei ya usiku ndiyo iliyoichafulia jina. Kwa miaka mingi majukwaa ya kukodishia nyumba yalionyesha kwanza bei ya usiku tupu, na mgeni aliuona mzigo kamili alipofika kwenye malipo. Nyumba ya dola 90 kwa usiku yenye ada ya usafi ya dola 120 ilionekana rahisi kuliko jirani yake ya dola 130 isiyo na ada, ingawa kwa usiku mbili ya kwanza inafika dola 300 na ya pili 260. Mwenye nyumba aliyejumlisha kila kitu wazi alionekana ghali na kurukwa. Kwa hiyo hata wale wasioupenda mtindo huo walisukumwa kuufuata. Juu yake ikaja ada ya huduma ya jukwaa, ambayo hukokotolewa kwa asilimia ya bei ya usiku pamoja na ada ya usafi yenyewe, kwa hiyo usafi ukipanda nayo inapanda.

Mwaka 2022 tovuti ya masuala ya fedha ya NerdWallet ilichambua nyumba 1,000 za Airbnb nchini Marekani. Ada ya katikati, ile inayoigawa orodha nusu kwa nusu, ilikuwa dola 75 kwa ukaaji wa usiku mmoja. Kiasi hupangwa na mwenye nyumba na hulipwa kwake. Jukwaa halimlazimishi amkabidhi msafishaji fedha yote, na mara nyingi msafishaji ana bei yake ya kudumu kwa kila nyumba. Tofauti inaweza kwenda kwenye sabuni, dobi na taulo zilizopotea, au kwa kampuni inayosimamia nyumba, au isiende popote zaidi ya mfuko wa mwenye nyumba. Mgeni hana njia ya kujua.

Saa tano za katikati

Kazi za mgeni huzaliwa na saa. Mgeni wa zamani anatakiwa kutoka saa nne au saa tano asubuhi, mpya anaingia saa tisa au saa kumi alasiri. Katika pengo hilo nyumba nzima lazima igeuzwe, na kinachokwamisha si ufagio wala deki bali ufuaji. Mashine moja ya nyumbani huchukua karibu saa mbili kufua na kukausha mzigo mmoja, na nyumba ya vitanda vinne ina mizigo kadhaa. Mgeni akiwasha mzigo wa kwanza kabla ya kuondoka, msafishaji anaokoa muda huo. Ombi lina mantiki, lakini lina dawa pia: jozi ya pili na ya tatu ya mashuka, moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, moja kabatini. Mwenye nyumba anayemtaka mgeni afue mara nyingi hakutaka kununua mashuka.

Kutandua vitanda nako hakusaidii kama inavyodhaniwa. Wasafishaji wengi hupendelea kukuta kitanda kilivyolaliwa, kwani shuka likiwa limetandazwa doa la damu, la vipodozi au la divai linaonekana mara moja na kutiwa dawa mapema. Shuka lililoviringishwa pamoja na taulo mbichi huficha doa hadi limekauka, na harufu ya unyevu inaingia hadi kwenye foronya.

Takataka ni jambo jingine. Katika vitongoji vingi vya Marekani gari la taka hupita mara moja kwa wiki, na pipa lisipotolewa siku hiyo linabaki limejaa hadi wiki ijayo. Kwenye maeneo ya dubu, kama vile pembezoni mwa Lake Tahoe, mfuko ulioachwa nje ni mwaliko kwa mnyama, ndiyo maana nyumba nyingi huko zina masanduku ya chuma ya kuhifadhia taka. Mgeni aliyeambiwa aweke taka ndani ya sanduku hilo na alifunge hajaonewa. Wala aliyeombwa asiache masalia ya samaki kwenye sinki, kwa sababu sisimizi na mende hawasubiri msafishaji afike.

Kisichovumilika ni orodha inayoendelea hadi kupiga deki, kufyonza vumbi kwenye mazulia na kufuta friji, huku ada imeshalipwa na tishio la faini limeandikwa chini ya karatasi. Jembe la siku ya tatu, katika methali yetu, ni la mgeni asiyelipa.

Ilikotoka

Ulaya ya kaskazini ina desturi ndefu ya mgeni kusafisha mwenyewe. Chama cha utalii wa milimani cha Norway, DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina vibanda visivyo na mhudumu ambako msafiri hufungua kwa ufunguo wa wanachama, huchota maji, hupasua kuni, huosha vyombo na kufagia kabla ya kuondoka, na malipo huyatoa kwa kuaminiwa. Huko hakuna anayelalamika, kwa kuwa bei imejengwa juu ya kazi hiyo. Denmark, katika nyumba za mapumziko za pwani, mgeni kwa kawaida huchagua: ama anasafisha mwenyewe na nyumba inakaguliwa, ama ananunua usafi wa mwisho. Umeme nao husomwa kwenye mita na kulipiwa kando. Ujerumani nako usafi wa mwisho ni mstari wa kawaida kwenye mikataba ya likizo, ila sheria ya kuonyesha bei inataka gharama yoyote isiyokwepeka ihesabiwe ndani ya jumla inayotangazwa.

Katika mifano yote hii mgeni ama anasafisha ama analipa. Jambo la pili la kuangaliwa ni muda. Nyumba za likizo za Uingereza zilizoea kukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na za fukwe na milima ya Marekani nyingi zilikwenda kwa wiki vilevile. Tovuti ya Vrbo, iliyoanzishwa Colorado mwaka 1995, ilikua na wapangaji wa aina hiyo. Ada ya usafi ikigawanywa kwa siku saba haiumi sana.

Airbnb iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2007 Brian Chesky na Joe Gebbia walilaza wageni kwenye magodoro ya kujaza upepo katika nyumba yao ya kupanga San Francisco, na mwaka uliofuata, pamoja na Nathan Blecharczyk, wakaanzisha kampuni. Mgeni alilala kwa mtu, usiku mmoja au mbili, na mwenyeji alifagia mwenyewe. Baadaye zikaja nyumba nzima zinazoendeshwa na wasimamizi wenye nyumba kumi au mia, na ada iliyozoeleka kwa mgeni wa wiki ikabandikwa kwa mgeni wa usiku mmoja. Hapo ndipo penye kidonda.

Janga la korona likauweka usafi mbele zaidi. Aprili 2020 Airbnb ilitangaza utaratibu wa hatua tano za kusafisha nyumba, ulioandaliwa kwa ushauri wa Vivek Murthy, aliyewahi kuwa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani. Usafi ukawa hoja ya kuuzia nyumba, na kazi ya msafishaji ikarefuka. Watu waliporudi kusafiri, picha za risiti zenye ada nene na za orodha za kazi zilienea katika mitandao ya kijamii, nyingi kutoka Marekani.

Novemba 2022 Chesky, akiwa mkurugenzi mkuu, alitangaza kwamba wageni wataweza kuona bei kamili, usafi ukiwemo, kabla ya kodi. Pia alisema mgeni hapaswi kutakiwa kutandua vitanda, kufua wala kufyonza vumbi, ila kuzima taa, kutupa mabaki ya chakula na kufunga mlango ni sawa, na masharti ya kuondoka yaonekane kabla ya kulipa. Mwaka 2023 wenyeji walipewa orodha fupi ya kuchagulia kazi hizo ndani ya programu. Kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa maelezo ya kampuni, nyumba karibu 300,000 zilikuwa zimepunguza ada ya usafi au kuifuta. Aprili 2025 bei ya jumla ikawa ndiyo inayoonyeshwa kwa kawaida duniani kote.

Sheria za bei

Airbnb haikubuni wazo hilo la bei ya jumla. Mwaka 2015 mamlaka ya ushindani ya Australia, ACCC, iliifanya Airbnb iahidi kwa maandishi kuonyesha bei yenye ada zote za lazima. Matokeo yake yalichekesha kidogo: wasafiri wajanja wa Marekani walifungua tovuti ya Airbnb ya Australia ili kujua nyumba ya Florida ni bei gani hasa. Umoja wa Ulaya uliibana kampuni hiyo mwaka 2018, na mwaka uliofuata wateja wa Ulaya wakaanza kuona jumla.

Marekani ilifuata baadaye. California ilianza kudai bei kamili tarehe 1 Julai 2024. Kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, dhidi ya ada za kushtukiza, inayogusa tiketi za matamasha na michezo pamoja na malazi ya muda mfupi, ilianza kutumika tarehe 12 Mei 2025. Uingereza ilikuwa imeshaanza kutumia masharti yanayofanana na hayo tarehe 6 Aprili mwaka huohuo. Hizi zote ni sheria za kuonyesha. Hakuna kati yake inayoweka kikomo cha ada ya usafi, na mwenye nyumba bado anaweza kutoza dola 300 mradi zimo kwenye jumla.

Ada hii isichanganywe na fidia. Hulipwa kwa uchafu wa kawaida wa kukaa, na kwenye Airbnb hurudishwa safari ikivunjwa kabla ya siku ya kuingia. Godoro lililochomwa, au nyumba iliyonuka sigara hadi ikahitaji usafi wa pekee, hudaiwa kwa njia nyingine, kwa ushahidi wa picha.

Afrika Mashariki

Pwani ya Kenya na Zanzibar, na katika miji mikubwa, hali ina sura tofauti, hasa kwa kuwa kazi ya mikono ni ya bei nafuu zaidi. Kilimani, Kileleshwa au Westlands jijini Nairobi, mpangaji wa siku mbili tatu mara nyingi hupatana bei kwa WhatsApp na kulipa kwa M-Pesa, na usafi umo ndani ya bei ya usiku. Dada wa usafi huitwa mgeni akitoka, na kwa ukaaji mrefu hupangwa apite katikati ya wiki. Anayekodi kupitia jukwaa la kimataifa anaweza kukutana na ada kando, kwa kuwa fomu ya kutangazia nyumba ina nafasi yake na mwenye nyumba huijaza.

Nyumba kubwa za Diani, Watamu na Shela kule Lamu hukodishwa pamoja na watu wake: mpishi, mtu wa nyumba, mlinzi, wakati mwingine mfuaji. Mgeni hutia mkono mfukoni kwa mambo mawili tu, fedha za sokoni na bahashishi siku ya mwisho, na hiyo ya pili ndiyo humpa wasiwasi, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyemwambia kiasi wala kama inagawanywa kwa wote. Kwa anayekaa mwezi, umeme ndio huachwa mikononi mwake. Kenya ananunua tokeni, Tanzania anaongeza LUKU, na busara ni kuuliza mapema ni nani anayelipia kiyoyozi.