Michezo ya kujifanya kwenye intaneti: nani anamlinda mtoto?

Siku ya Mungu nyuma ya misa, mu parseli moja ya Katuba ao ya Ruashi, mtoto wa miaka 10 anaomba telefone: "Papa, nipe kidogo nicheze." Papa anatoa, juu anafikiri ni mchezo tu. Lakini michezo mingi ya leo si ile ya zamani, ambako mtoto alikuwa anapigana na mashine peke yake. Ndani kuko watu: wa Lubumbashi, wa Paris, wa Brezili; wengine wako na miaka 10, wengine 40. Wote wanavaa sura ya katuni. Hakuna anayeona uso wa mwenzake.

Wazazi wengi wanauliza: kuko hatari gani, na nani anachunga mambo ndani mule? Tuchukue jambo moja moja.

Kujifanya ni kitu gani?

Watoto wetu tangu zamani wanacheza baba na mama: mmoja anapika na mchanga, mwingine "anatoka kazini". Kwenye intaneti ni vile vile. Wachezaji wanajifanya polisi, daktari, familia, walimu na wanafunzi. Wanaandika ao wanasema kwa sauti kile mtu wao anafanya. Kwa yenyewe si kitu kibaya. Mtoto anajifunza kuongea na kuwaza.

Shida inaanza wakati watu wakubwa wanaleta mambo ya kitanda ndani ya mchezo ule. Kati ya watu wakubwa wanaokubaliana, mahali pao wenyewe, ni mambo yao. Kama mtoto iko pale, si mchezo tena. Na mtu mubaya anapenda sana neno "mchezo", kwa sababu linamsaidia kumwambia mtoto: "Usiogope, tunajifanya tu."

Kampuni zimejifunza nini?

Mfano wa zamani ni Second Life, dunia ya kujifanya iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Marekani, Linden Lab. Mwaka 2005 waliwafungulia vijana mahali pao pa pembeni. Mwaka 2009 walipeleka mambo ya watu wakubwa kwenye bara lake lenyewe, linaloitwa Zindra. Kanuni moja iko kali zaidi: mchezo wa kitanda wenye sura ya mtoto umekatazwa, hata kama wote wawili wanaocheza ni watu wakubwa. Kwa hiyo neno "tunajifanya tu" halifungui kila mlango.

Roblox, iliyoanza mwaka 2006, ndiyo inajulikana sana na watoto. Si mchezo mmoja. Ni kama soko lenye mamilioni ya michezo iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, na soko kubwa ni ngumu kulichunga. Uturuki iliifunga mwezi wa Agosti 2024, Qatar mwezi wa Agosti 2025. Mwezi wa Novemba 2024 kampuni iliruhusu mzazi kuchunga akaunti ya mtoto kutoka kwa telefone yake mwenyewe. Mwaka mmoja nyuma, ilitangaza kwamba mtu anayetaka kuandikiana na wengine lazima kwanza miaka yake ipimwe, kwa kuonyesha uso kwa kamera ao kwa kutoa kitambulisho.

Kwa kawaida ulinzi uko wa namna tatu: mashine inayoziba maneno mabaya, watu wanaolipwa kuangalia, na wachezaji wenyewe wanaobonyeza kifungo cha kushtaki.

Kwa nini ulinzi huu unatupita?

Ya kwanza: telefone iko ya papa. Akaunti ilifunguliwa na miaka ya papa, ao mtoto mwenyewe aliandika mwaka wa uongo ili aingie haraka. Kwa mashine, yule anayecheza ni mtu wa miaka 38. Basi milango ya watu wakubwa inafunguka, na kinga ya watoto haifanyi kazi.

Ya pili ni luga. Mashine zimefundishwa zaidi na luga zenye maandishi mengi, kama Kiingereza na Kifaransa. Swahili yetu ya Lubumbashi, iliyochanganyika na Kifaransa na Kindubile, inaweza kupita bila kushikwa.

Ya tatu: ile alama ya miaka unayoiona mbele ya kuchukua mchezo inapima mchezo wenyewe, mapigano na picha zake. Haipimi maneno ya watu wanaoongea ndani.

Alama za kuangalia

Mtu mubaya kwa kawaida anakwenda pole pole. Anatoa zawadi za ndani ya mchezo: almasi za Free Fire, Robux za Roblox. Anauliza mtoto iko na miaka ngapi na kama wazazi wako karibu. Kisha anamtoa mule: "Tuendelee kwa WhatsApp." Pale hakuna msimamizi. Anaomba siri, kisha picha, kisha anatisha: "Usipotuma ingine, nitaonyesha wote."

Mtoto anayeficha telefone ukikaribia, anayeamka usiku kucheza, ao aliye na zawadi bila kueleza zinatoka wapi, umuulize. Umuulize kwa upole. Mtoto anayeogopa fimbo ya nyumbani atamsikiliza yule anayemtisha.

Kwa vijana wanaosimamia vikundi

Lubumbashi iko na vijana wengi wanaoongoza timu na vikundi vya wachezaji. Ninyi ndio wasimamizi wa karibu. Mambo matano yanasaidia:

- Andikeni kanuni fupi, kwa Swahili na Kifaransa, na kila anayeingia azisome.
- Msichanganye watoto na watu wakubwa. Kwa Discord, mtu lazima awe na miaka 13, na vyumba vya watu wakubwa ni miaka 18 na zaidi.
- Mkubwa asiandikiane na mtoto pembeni. Hata msimamizi.
- Anayevunja kanuni hii atoke siku ile ile, hata kama ndiye mchezaji mkali wa timu.
- Wasimamizi wawe wawili ao zaidi. Mmoja peke yake, hakuna anayemchunga.

Kama imekwisha kutokea

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18. Sheria hiyo, pamoja na ile ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya uzalilishaji wa kijinsia, inapeleka gerezani anayetengeneza ao kueneza picha za uchi za watoto. Tangu tarehe 13 Machi 2023 inchi iko pia na Kode ya Numeriki, inayoazibu makosa yanayofanywa kwa njia ya intaneti.

Usifute maandishi. Andika jina la akaunti ya yule mtu, siku na saa. Bonyeza kifungo cha kushtaki ndani ya mchezo, kisha umfunge yule mtu. Nenda kwa polisi wanaolinda watoto, kwa ofisi ya Affaires Sociales, ao kwa parke ya tribunali ya watoto.

Na picha ya mtoto usiitume mu grupu la familia ao la kanisa, hata kwa kusema "tuombe". Kuisambaza ni kosa mbele ya sheria, na kidonda cha pili kwa mtoto.

Leo jioni, mbele ya kutoa telefone, fungua akaunti ile na uangalie mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa. Kama ni wako, tengeneza ingine, yenye miaka ya kweli ya mtoto. Kisha kaa karibu yake, acha akuonyeshe namna anacheza, na anacheza na nani.