Kutoka Shamba la Mahindi hadi Mkobani: Safari ya Pilipili ya Kujikinga

Kabla pilipili haijatiwa ndani ya kopo dogo la kubebwa mkobani, ilikuwa imeshafanya kazi ya ulinzi shambani, tena si mbali na hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Trans Mara, majirani wa Wakuria wa Migori, walikuwa wakipoteza mahindi yao kwa ndovu wanaotoka pande za Maasai Mara. Watafiti walishirikiana nao kujaribu njia mbalimbali za kuwafukuza wanyama hao, na pilipili ikawa mojawapo. Mbinu yenyewe inajulikana na wakulima wengi wa Afrika Mashariki: pilipili kali husagwa, huchanganywa na oili chafu ya injini, kisha hupakwa kwenye kamba za katani zinazozungushiwa shamba. Wengine huichanganya na kinyesi cha wanyama, wakakikausha na kukichoma usiku, moshi ukaelekea wanakotokea ndovu. Zimbabwe ilikuwa imetangulia, kwani huko Loki Osborn alifanya majaribio ya kuwapulizia ndovu pilipili katika miaka ya 1990. Lakini matokeo ya Trans Mara, yaliyochapishwa na Noah Sitati na Matt Walpole mwaka 2006, yanastahili kusomwa na kila anayefikiria kununua spreyi ya pilipili leo. Kilicholeta tofauti kubwa ni watu kukesha, kuwaona ndovu wakiwa bado mbali, na kutoka kwa bidii wakiwa na zana za kuwafukuza. Uzio ulioachwa usimame peke yake haukufua dafu.

Naanza na ndovu kwa sababu mjadala wetu kuhusu spreyi hii unaendeshwa kana kwamba kopo lenyewe ndilo mlinzi. Januari 27, 2024, maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na katika miji mingine wakidai mauaji ya wanawake yakome. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ilitangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa katika miezi mitatu, kati ya Agosti na Oktoba. Kila habari ya namna hiyo ikitoka, ushauri ni uleule: mabinti wabebe pilipili. Ushauri huo umefika hata Masara, kituo cha biashara magharibi mwa mji wa Migori, katika ukanda wa dhahabu unaochimbwa tangu miaka ya 1930. Hapo wanawake huponda mawe na kuosha udongo kwa zebaki mchana kutwa, kisha hurudi nyumbani giza likiingia, wakipita kando ya mashimo yaliyo wazi na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kurefuka, huku pesa za siku zikiwa zimefungwa kwenye leso. Ukimtazama mwanamke huyo huwezi kusema hana haja ya kitu cha kujikinga. Swali la haki ni hili: kitu hiki kinaweza kumfanyia nini, na wapi kitamwacha mikono mitupu?

Pilipili si mmea wetu wa asili. Ilitoka bara la Amerika na kutufikia baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Kwao Mexico iliwahi kutumika kwa adhabu kabla ya mzungu yeyote kuionja: Codex Mendoza, kitabu cha picha cha karne ya 16, kinaonyesha mzazi wa Kiazteki akimshikilia mtoto mkaidi juu ya moshi wa pilipili. Ukali wenyewe ulipewa jina la kapsaisini mwaka 1876 na mkemia Mwingereza John Clough Thresh. Hata hivyo, kopo la kwanza la kujikinga lililopata umaarufu halikuwa na pilipili. Mwaka 1965 Allan Litman wa Pittsburgh, Marekani, alitengeneza Mace, na ndani yake mlikuwa na kemikali ya jamii ya gesi ya kutoa machozi. Polisi wa Marekani waliipokea haraka, kisha wakagundua kasoro yake: mlevi kupindukia, mtu aliyetumia dawa za kulevya, au mbwa mkali, aliweza kuendelea kuja bila kujali. Pilipili iliingia kupitia mlango mwingine kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Montana, Carrie Hunt na mwalimu wake Charles Jonkel walikuwa wakitafuta kitu cha kumrudisha nyuma dubu bila kumuua. Pilipili iliwapa walichotafuta, na spreyi ya dubu ikaanza kuuzwa katika miaka ya 1980.

Ilipotoka msituni kuingia mikononi mwa polisi, ilisindikizwa na jambo ambalo wauzaji hawapendi kulikumbusha. Wakala wa FBI aliyeongoza majaribio na kuisifu kwa idara za polisi nchini Marekani, Thomas Ward, alikiri mahakamani mwaka 1996 kwamba alipokea dola 57,500 kutoka kwa kampuni iliyotengeneza spreyi hiyohiyo, akafungwa. Hilo halifanyi pilipili kuwa hadaa. Linatuambia tu kwamba baadhi ya sifa zilizoenea kuhusu kopo hili ziliandikwa na watu waliokuwa na faida ndani yake, na kwamba mnunuzi wa Migori au Homa Bay ana sababu nzuri ya kuuliza ushahidi mwingine.

Ushahidi huo upo. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilitambua kipokezi cha neva kinachoguswa na kapsaisini, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi hicho ndicho kinachotambua joto la kuunguza. Kwa hiyo mtu anayepuliziwa pilipili usoni huambiwa na mwili wake kwamba anaungua, ingawa hakuna moto. Macho hujifunga yenyewe, kope huvimba, kifua hubana, kikohozi humkata pumzi, na maumivu huweza kuchukua nusu saa au zaidi kabla ya kutulia. Kunawa kwa maji matupu hakusaidii sana kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Sabuni hufanya kazi vizuri zaidi. Ndege hawausikii ukali huu hata kidogo, ndiyo maana wanakula pilipili kichaa na kusambaza mbegu zake. Binadamu, hata aliyelewa chang'aa, ana kipokezi kilekile. Utafiti wa Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao, uliochapishwa mwaka 2008, ulichunguza matukio 83 ya Alaska ambamo spreyi ilitumika dhidi ya dubu tangu 1985. Kwa dubu wa kahawia, ilikomesha tabia iliyotisha katika asilimia 92 ya matukio, na kati ya watu wote waliohusika ni watatu tu walioumia, tena kidogo. Kama inamgeuza mnyama huyo, inaweza kumgeuza hata kijana mwenye panga.

Shida inaanza pale tunapoulizana kijana huyo anatokea wapi. Kopo la mkobani hurusha pilipili mita mbili hadi nne hivi. Huyo anayelibeba anahitaji kumwona mshambuliaji kabla hajafika, kulitoa, kufungua kizuizi, kulenga macho, na kujua upepo unavuma kutoka wapi. Jioni kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Muhuru Bay na Sori hadi Mbita, upepo si jambo la kukisia. Mpita njia wa Alaska hutembea akiwa na spreyi kiunoni na macho mbele, akimtarajia dubu. Mama wa Masara anaitumbukiza chini kabisa mkobani, juu yake kuna simu, funguo na unga wa ugali. Nami naamini hapa ndipo ushauri mwingi unapoharibika: watu huambiwa wanunue kopo bila kuambiwa walishike mkononi kabla ya kuingia njia yenye giza, na bila kufundishwa kupuliza hata mara moja.

Kuna pingamizi zito zaidi, na siwezi kulipita. Wanaowadhuru wanawake kwa kawaida si wageni wa njiani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu wakiwa na miaka 15, na kwa walioolewa, anayetajwa zaidi ni mume au mwenzi. Septemba 2018 mwili wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, kilichoko Migori, ulipatikana katika msitu wa Kodera, kaunti ya Homa Bay. Mwanamke kama huyo, anayechukuliwa kwa mipango na watu waliojua atakuwa wapi, haokolewi na kopo la mkobani. Wala halimsaidii mchuuzi wa samaki anayekabiliwa na jaboya ufuoni, pale mvuvi anapodai mwili wake ndipo amuuzie samaki, kwa sababu nguvu inayomsukuma hapo ni njaa ya nyumbani kwake. Na mke hawezi kulala na kizuizi kimefunguliwa kitandani mwake. Ninayakubali haya yote. Ila hayamaanishi kwamba hatari ya njiani haipo. Mwenye kutoka kazini saa moja usiku hachagui kati ya hatari mbili; zote mbili ni zake, na chombo kinachofaa kwa moja hakikataliwi kwa kuwa hakifai kwa nyingine.

Wengine husema kopo litaporwa na kugeuzwa dhidi ya mwenyewe, au kwamba wezi watalinunua wao. La kwanza linawezekana, na dawa yake ni mazoezi. La pili pia linawezekana, lakini mwizi wa Migori hajawahi kukosa rungu wala panga, na spreyi isiyoua haimwongezei mengi kwa alicho nacho tayari. Wapo pia wanaopendekeza unga wa pilipili kutoka jikoni, kwa kuwa ni rahisi. Hilo silipendekezi. Unga hutupwa kwa mkono, kwa hiyo adui lazima awe karibu sana. Upepo huurudisha kwa aliyeutupa. Na chembe zake hukwaruza jicho kwa namna ambayo spreyi iliyopimwa haikwaruzi. Mtu mwenye pumu naye yuko hatarini kwa vyote viwili.

Kilichothibitishwa zaidi kusaidia hapa Kenya, cha kushangaza, hakina pilipili. Mwaka 2013 matokeo ya mafunzo ya kujikinga kwa wasichana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi yalichapishwa katika jarida la kimataifa la afya ya vijana. Miongoni mwa waliofundishwa, idadi ya walioshambuliwa kingono kwa mwaka ilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Utafiti huo ulihusisha wasichana zaidi ya 500 tu na haufai kuchukuliwa kama neno la mwisho. Hata hivyo, walichofundishwa kwanza kilikuwa sauti: kukataa kwa nguvu, kupiga kelele, kuvuta watu. Huku Luoni hilo si jambo geni. Nduru ikipigwa usiku, jirani aliyeisikia anatarajiwa kutoka, na asiyetoka huulizwa asubuhi kwa nini. Ni utaratibu wa zamani wa ulinzi, na ndio ulio sawa na makesha ya Trans Mara: mtu anaona mapema, anaita, wengine wanatoka. Pilipili inampa anayeshambuliwa nafasi ya kukimbia kuelekea kwa hao waliotoka. Pale ambapo nduru haiitikiwi, kama kwenye kambi za wachimbaji wageni ambako leo mtu hajui jina la jirani yake, kopo linamfikisha hatua ishirini tu.

Sheria nayo imetuacha njia panda. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyorithiwa kutoka miaka ya 1950, inahesabu kuwa silaha hata chombo kilichoundwa kutoa kioevu, gesi au kitu kingine chenye madhara. Maneno hayo yalitoka kwenye sheria za Uingereza, ambako hadi leo raia hawaruhusiwi kumiliki spreyi ya pilipili. Hata hivyo, jijini Nairobi spreyi hiyo inauzwa waziwazi madukani na mtandaoni. Mwanamke wa Masara aliyempulizia mwizi anaweza kujikuta kituo cha polisi akieleza mambo mawili, la kujikinga na la umiliki, na hilo la pili halimstahili hata kidogo. Bunge lingeweza kuitoa spreyi ya pilipili katika tafsiri hiyo, likaweka kiwango cha ukali, umri wa mnunuzi, na tarehe ya mwisho ya matumizi iandikwe kwa Kiswahili juu ya kopo, kwa maana shinikizo la ndani hupungua baada ya miaka michache na kopo lililokwisha nguvu hutoa povu badala ya mruko. Muuzaji angelazimika kutoa pamoja nalo kopo la maji la kufanyia mazoezi. Kaunti nazo, zilizopewa na Katiba jukumu la taa za barabarani, zingeanza na njia zinazotoka kwenye mashimo ya dhahabu na zile zinazoshuka ufuoni, ambako wanawake hupita kabla ya alfajiri.