Orodha za bidhaa za kale zinavyofichua maisha ya nyumbani

Shehena inayoshushwa leo katika uwanja wa ndege wa Kanombe, mjini Kigali, huandamana na hati inayotaja aina, idadi na thamani yake. Zama za misafara iliyokwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, bidhaa nazo ziliorodheshwa, na kumbukumbu hizo zinaeleza maisha ya nyumbani ambayo waandishi wa habari za wafalme na vita hawakuyajali.

Orodha iliyo tajiri kuliko nyingi ni ile aliyoichapisha msafiri Mwingereza Richard Burton mwaka 1860, baada ya kufika Ziwa Tanganyika. Humo anasema kulikuwa na aina zipatazo 400 za ushanga. Ule mwekundu, samesame, ulikuwa na majina ya utani: moja lilimaanisha kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake ili aupate, jingine kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Huenda wachuuzi walitia chumvi. Hata hivyo, majina hayo yanaonyesha kwamba mwenye kauli alikuwa mnunuzi. Aliyebeba rangi isiyopendwa mahali fulani hakuweza kununua hata chakula cha wapagazi wake. Nguo nazo zilitajwa kwa majina: kaniki, na merikani iliyofumwa Massachusetts, Marekani. Baadaye hata kiwanda cha Vlisco cha Helmond, Uholanzi, kilichapa kanga kwa kufuata matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki.

Orodha hizo lakini hazioni kila kitu. Chungu, mkeka na kikapu vilivyotengenezwa nyumbani havimo. Wala haimo kaya isiyokuwa na cha kubadilishana.

Rwanda ni mfano wa pekee, kwani katika karne ya 19 wafalme wake waliizuia misafara ya pwani, na bidhaa zikapenya kupitia majirani kama Karagwe. Baada ya Kigali kuanzishwa mwaka 1907, wafanyabiashara wasemao Kiswahili walifanya makazi humo. Athari ya lugha yao ingali katika Kinyarwanda, chumba kwa chumba: isabune, isahani, isafuriya, ameza, idirishya.