Komi, shefu na mwanagenzi

Kijana wa Kawangware, Nairobi, akimaliza kozi ya upishi, mtaa mzima humwita shefu kuanzia siku hiyo. Lakini akipanda matatu ya 46 kwenda kuripoti kazini katika hoteli ya Kilimani, barua aliyo nayo mfukoni haisemi shefu. Inasema komi, tena mara nyingi na tarakimu yake: komi 3.

Nje ya jikoni neno hili hulisikii. Ndani yake hutajwa kutwa nzima. Wengi huiacha ile sauti ya s ya mwisho kama Wafaransa wenyewe wanavyofanya. Wapo wanaosema komisi, na hakuna anayewacheka. Kwa Kifaransa komi ni mtu aliyekabidhiwa jambo alifanye kwa niaba ya mwingine, ndiyo maana zamani hata karani wa duka aliitwa hivyo. Neno hilo lina ndugu zake ambao wameshaingia katika Kiswahili bila mtu kuwaombea kibali: kamishna na komisheni. Komi ndiye mdogo wao, na amebaki kumenya viazi.

Shefu nalo lina maana yake ya asili, na hapo ndipo majirani wa Kawangware wanapoteleza. Kwa Kifaransa ni mkuu, kiongozi, na ukilifuatilia hadi Kilatini unakuta kichwa. Mtu asiye na yeyote chini yake si shefu hata kama koti lake limepigwa pasi. Kwa kipimo hicho, mama mwenye hoteli ya chapati na madondo kule Gatina anastahili jina hilo kuliko mhitimu wa juzi: anapanga bei, anaonja mchuzi, anamtuma msichana wa chapati na kumfokea kijana wa kuosha sahani. (Kwamba Kenya tunaita kibanda chake hoteli, na jengo la ghorofa 10 lenye vitanda tunaliita hoteli vilevile, ni mkanganyiko mwingine unaowapoteza wengi wanaosema wanatafuta kazi ya hoteli.)

Mpangilio wa ngazi za jikoni una mwenyewe. Auguste Escoffier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1846, alipikia jeshi wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, na alipoongoza jiko la hoteli ya Savoy, London, kuanzia 1890, alilipanga kama kikosi: kila sehemu na mkuu wake, na kila mkuu na makomi wake. Kenya ilipofungua Chuo cha Utalii mwaka 1975, kwa msaada wa Uswisi, vijana walifundishwa ngazi hiyohiyo. Chini kabisa ni komi 3, kisha komi 2, kisha komi 1. Juu yake yuko demi, halafu mkuu wa sehemu, ambaye Nairobi hutajwa kwa herufi tu, sidipi. Anafuata sushefu, na juu ya wote mpishi mkuu.

Tarakimu zinakwenda kinyumenyume, na mgeni huchanganyikiwa kwa sababu shuleni namba ndogo ndiyo ya darasa la chini. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, inahesabu hivyohivyo: unaanza na daraja la 3 na kupanda hadi la 1. Mitihani hiyo ndiyo mlango wa wale ambao hawakukanyaga chuo, walioingia jikoni kama mastiwadi wa kuosha masufuria wakajifunza kwa macho.

Kazi ya komi ukiitazama kwa karibu haina urembo. Anafika kabla ya wote, anasoma orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, anakata kitunguu kilo baada ya kilo, kila kipande sawa na mwenzake. Ubao mwekundu ni wa nyama mbichi, wa buluu samaki, wa kijani saladi na matunda. Akizichanganya mbao hizo atasikia jina lake kutoka upande wa pili wa jiko. Kila kopo analofunika lazima liandikwe kilichomo na tarehe. Kila baada ya miezi 6 anapimwa afya upya ili cheti cha kushika chakula kisimwishie. Akipangwa sehemu ya bucha, anakabidhiwa fileti aivue ule utando mweupe bila kuacha nyama juu yake. Hapo kijana aliyekulia karibu na vichinjio vya Dagoretti Market hugundua kwamba kujua matumbo na paja hakutoshi.

Sasa, tumwiteje kwa Kiswahili? Wengi huandika mpishi msaidizi. Silipendi. Msaidizi wa nani? Sushefu ndiye anayemsaidia mpishi mkuu na kumkaimu asipokuwepo. Ukilitumia neno hilo kwa komi, unakosa la kumpa sushefu, na ngazi zote za katikati zinamezwa. Sushefu namwita naibu mpishi mkuu, basi. Mpishi chipukizi linasikika kama sifa ya mashindano ya televisheni. Demi ni nusu, na sijaona mtu aliyekubali kuitwa nusu mkuu.

Kuna mwanagenzi, neno zuri la Kiswahili kwa anayejifunza kazi mikononi mwa fundi. Ila komi si mwanagenzi. Anajifunza, ndiyo, lakini ameajiriwa, na sahani ikirudi kwa uchafu anawajibika. Mimi ningemwachia jina lake: komi, makomi, na ukomi kwa ile miaka yenyewe. Jina hilo lina faida nyingine, kwamba mawakala wanaotafuta wapishi wa Doha na Dubai wanalielewa bila kufafanuliwa.

Sheria yetu haijafika kwenye ngazi hizi. Agizo la jumla la serikali la kima cha chini cha mshahara linamtaja mpishi tu, katika mstari mmoja na mchimba migodi, mkata mawe, utingo na mhudumu wa mezani. Kwenye hoteli kubwa ngazi hupata maana ya shilingi kupitia makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, na chama cha wenye hoteli.

Mwanagenzi tumwekee yule wa atachimenti, aliyetumwa na chuo kwa miezi kadhaa. Huyo akibahatika hupewa nauli na chakula cha mchana. Komi ana mkataba, hukatwa NSSF ya uzeeni na SHIF ya matibabu, na akiachishwa hudai notisi. Hoteli inayomwita mtu mwanagenzi mwaka wa pili mfululizo, huku anashika zamu ya usiku peke yake, inajua vizuri sana tofauti ya maneno hayo mawili.